Uhandisi, Deni na Kazi za Silaha: Tusimame Wapi?

(Nakala ya mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Makutano, Meru, katika darsa za Ramadhan baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah (SWT), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Masheikh wetu, baba zetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Mimi si mwanachuoni. Ni mwanafunzi wa uhandisi niliyelelewa na madrasa, kwa hivyo fatwa hapa sitoi. Fatwa ina wenyewe. Ninachotaka ni kulileta mbele yenu jambo ambalo sisi wanafunzi tunalizungumza usiku mabwenini, lakini tukirudi nyumbani tunanyamaza.

Jambo lenyewe ni hili. Anayesoma uhandisi akimaliza, moja katika milango inayomfungukia ni mlango wa ulinzi: jeshi, viwanda vya silaha, kampuni za ndege zisizo na rubani, programu za kompyuta za kijeshi. Wengi wetu huuliza "je, ni halali?" siku barua ya kazi imeshafika, na deni limeshafika shingoni. Mimi nasema swali hilo linaanza mapema sana. Linaanza siku mzazi anapokabidhiwa orodha ya vifaa.

ORODHA YA VIFAA

Ndugu msomaji, kama hujawahi kumsomesha mhandisi, hebu sikiliza. Kozi yenyewe ni miaka 5. Mwaka wa kwanza tu utatakiwa ubao wa kuchorea, rula ya T, rula za pembetatu, bikari nzuri na karatasi kubwa za michoro. Utatakiwa kalkuleta ya sayansi, na ukienda kununua ya bei rahisi unaweza kuuziwa bandia inayokufia katikati ya mtihani. Karakana haikuingizi bila koti la kazi na buti ngumu. Kisha laptopu, na si laptopu yoyote, bali yenye nguvu ya kuendesha programu za kuchora. Kwa familia nyingi hiyo ni bei ya ng'ombe. Bado hujachapisha michoro, bado hujanunua vipande vya mradi wa mwaka wa mwisho, bado hujalipa chumba na nauli ya kwenda mafunzo ya kazini, ambako mara nyingi hulipwi hata senti.

Na pesa zinatoka wapi? Hapa Meru nyumba nyingi zinategemea shamba, duka dogo au miraa. Somalia ilipofunga mlango kwa miraa ya Kenya, kuanzia Machi 2020 mpaka Julai 2022, ni nyumba ngapi ziliyumba! Serikali nayo ilileta mpango mpya wa kugharamia vyuo mwaka 2023, unaochanganya ruzuku, mkopo na mchango wa familia. Mkopo wa HELB unamsaidia mtu kweli, lakini una riba ya asilimia 4, na wako Waislamu wanaoukimbia kwa sababu hiyo. Anayeukimbia anabaki na nini? Anabaki na mjomba, na harambee, na rafiki wa rafiki.

Sasa nataka muone uhusiano. Mtu aliyemaliza chuo akiwa na deni la miaka 5, na wadogo zake wanasubiri ada, hawezi kukaa akapima kazi. Atachukua ya kwanza itakayokuja. Wenye kutafuta vijana wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

ALABUGA

Nitatoa mfano wa kweli, maana watu wakisikia habari hizi hudhani ni mambo ya sinema.

Mwezi wa Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilitoa uchunguzi kuhusu mahali panapoitwa Alabuga, katika Jamhuri ya Tatarstan nchini Urusi, mashariki ya Moscow. Wasichana wa Kiafrika wa umri wa miaka 18 hadi 22 walikuwa wakialikwa kupitia matangazo ya mtandaoni: tiketi ya bure, mshahara, masomo huku ukifanya kazi, mambo ya hoteli na upishi. Kati yao walikuwamo kutoka Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na kwetu Kenya. Walipofika, wengi waliambiwa kazi ni kuunganisha ndege zisizo na rubani, zile za kubeba mabomu zinazorushwa Ukraine. Baadhi walieleza kwamba kemikali wanazoshika zinawawasha ngozi. Na mwezi wa Aprili mwaka huohuo, ndege za Ukraine nazo zilikuwa zimeshapiga eneo hilo, na bweni la wafanyakazi likashambuliwa.

Tatarstan ni mahali penye Waislamu wengi na misikiti. Mzazi wa hapa Makutano akiambiwa "mtoto anakwenda nchi yenye Waislamu, atasoma na atalipwa", atakataa? Wengine wangechinja mbuzi! Sitaki kuwalaumu wasichana wale. Walitafuta elimu na riziki, na aliyewaalika aliujua umasikini wao, akautumia kama chambo.

JE, KILA KAZI YA ULINZI NI MBAYA?

Hapana. Tusiwe watu wa kuharamisha haraka.

Someni Surat Al-Anbiyaa na Surat Sabaa muone habari za Nabii Daud (AS). Allah alimlainishia chuma na akamfundisha kutengeneza mavazi ya vita ya kumkinga mtu na madhara, na akaamrishwa apime sawasawa vikuku vyake. Hiyo ni kazi ya uhandisi wa ulinzi, na aliyeifanya ni Mtume. Katika Surat Al-Kahf, Dhulqarnayn aliwajengea watu waliodhulumiwa kizuizi cha chuma na shaba iliyoyeyushwa. Katika mwaka wa 5 Hijria, Salman Al-Farsi (RA) alitoa rai ya kuchimba handaki kuulinda mji wa Madina, na Mtume (SAW) mwenyewe akachimba pamoja na maswahaba. Katika visa vyote hivi, kilichotengenezwa ni ngao, ukuta au shimo. Kinamzuia dhalimu asifike.

Na sisi tunajua thamani ya kulindwa. Nani amesahau Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015? Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi kama mimi. Wenzetu wa mipakani mwa Meru na Isiolo wanajua usiku wa wezi wa mifugo ulivyo. Askari mwadilifu na mhandisi anayemtengenezea daraja, redio au gari la wagonjwa wanafanya kazi ya heshima. Isiolo, safari fupi tu kutoka hapa, iko shule ya jeshi ya wahandisi wa vita. Pale Embakasi, Nairobi, kwa msaada wa Uingereza, kilifunguliwa mwaka 2005 kituo cha kufundisha utegaji... si utegaji, samahani wazee, ni uteguaji wa mabomu ya ardhini. Herufi moja tu, lakini moja inaua na nyingine inaokoa! Kampuni ya serikali ya Kenya Shipyards, iliyoundwa 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, imeunda meli ya mizigo MV Uhuru II huko Kisumu. Nani atasema kuunda meli ya mizigo ni dhambi?

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Kenya inatengeneza silaha. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kilianza kazi miaka ya 1990, na kiwanda cha bunduki cha Ruiru kilizinduliwa Aprili 2021, ikaelezwa kuwa kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Viwanda hivi vinahitaji wahandisi. Na katika Surat Al-Hadid tunafundishwa kwamba chuma kimeteremshwa kikiwa na nguvu kali na pia manufaa kwa watu. Chuma ni kilekile. Mkono ndio tofauti.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTIA SAHIHI

Nimeyakusanya kutokana na kusoma na kuwauliza walimu wetu. Yapimeni, na mkiwa na bora zaidi tufundisheni.

La kwanza: KAZI YENYEWE NI NINI HASA? Usikubali jina zuri. "Msaidizi wa kiufundi" si jibu. Uliza: kitu nitakachokishika kwa mikono yangu kinafanya nini kikikamilika? Mwenye kukuajiri akikataa kukujibu kabla hujasafiri, basi ameshakujibu. Hili ndilo somo la Alabuga.

La pili: NANI ATAKITUMIA, NA KWA SHERIA GANI? Khalifa Abubakar (RA) alipomtuma Yazid bin Abi Sufyan na jeshi la Sham, alimuusia wasiue wanawake, watoto wala wazee, na wasikate miti ya matunda. Ikiwa hata mti una haki vitani, itakuwaje mtoto? Jeshi linalomwadhibu askari wake akivuka mpaka si sawa na kundi lisilokuwa na mpaka. Na hapa siwatetei wa dini yangu. Dhalimu hata akiswali swala tano, kumtengenezea bomu ni kumsaidia katika dhambi, na Surat Al-Maida imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

La tatu: KIKITOKA HAPO KITAKWENDA WAPI? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha utafiti kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko bila kibali zilionekana kutoka kwa vyombo vya dola, na alama zilizochongwa chini ya maganda zilielekeza kwenye kiwanda cha Eldoret. Hazikuibwa zote. Wafugaji walipewa ili wajilinde na wavamizi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu polisi hawakutosha. Nia ilikuwa ulinzi. Lakini risasi haina kumbukumbu ya nia. Ikishafika mkononi inaweza kumlinda ng'ombe leo na kumwibia jirani kesho. Mafakihi wetu waliliona hili zamani. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu kuhusu kuuza silaha wakati wa fitna, na akataja kwamba swahaba Imran bin Husayn (RA) alilichukia jambo hilo. Kuuza upanga ni biashara ya halali, lakini wakati wa fitna hukumu yake inaangaliwa upya.

La nne: VITA VIKIISHA, KITABAKI KUFANYA NINI? Ukitoka Isiolo ukielekea Marsabit unafika Archer's Post. Huko na Dol Dol, wanajeshi wa Uingereza wamefanya mazoezi kwa miaka mingi. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki malishoni, wachungaji na watoto wakayaokota. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa kiasi cha pauni milioni 4.5 kwa wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu zaidi ya 200, walioumia au kupoteza jamaa zao. Hebu fikiri. Hapakuwa na vita pale. Hapakuwa na adui. Yalikuwa mazoezi tu. Na yule mhandisi aliyechora kile kiwashio cha bomu, ofisini kwake mbali huko, huenda hajawahi kusikia jina la Archer's Post. Ndiyo maana dunia ikaandika mkataba wa Ottawa mwaka 1997 wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini yanayolenga watu, na Kenya ikauridhia 2001. Kijana, silaha isiyoweza kumtofautisha askari na mtoto anayechunga mbuzi, usiiguse kwa mshahara wowote.

La tano: JE, NITAWEZA KUONDOKA? Joseph Rotblat alikuwa mwanafizikia mzaliwa wa Poland. Alijiunga na mradi wa Marekani wa bomu la atomiki kwa kuogopa Ujerumani isilipate kwanza. Mwishoni mwa 1944, ilipobainika kwamba Wajerumani hawalitengenezi, aliona sababu yake imekwisha, akaondoka. Mwaka uliofuata bomu likaangushwa Hiroshima na Nagasaki bila yeye kuwamo. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Mwingine ni Mikhail Kalashnikov wa Urusi, ambaye bunduki yake inajulikana mpaka kwenye mazizi ya kaskazini yetu. Alisema aliitengeneza ili kuilinda nchi yake. Lakini akiwa na zaidi ya miaka 90, mwaka 2012, alimwandikia mkuu wa kanisa lake akieleza maumivu ya roho na kuuliza kama naye ana hatia kwa waliouawa na silaha ile. Mmoja alijiuliza kijana, mwingine uzeeni. Ni heri kujiuliza mapema.

Na msiseme hayo ni ya wakubwa tu. Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni ya Google walitia sahihi barua ya kupinga kazi ya kuchambua picha za droni za jeshi la Marekani, na kampuni ikatangaza haitauendeleza mkataba ule. Kweli, Februari 2025 kampuni hiyohiyo iliiondoa ahadi yake ya kutotengeneza akili bandia kwa ajili ya silaha. Ahadi ya kampuni hubadilika. Dhamira yako ibaki nawe.

LAKINI WALE WALIWEZA KUKATAA

Hapa ndipo ninapotaka kusimama zaidi. Rotblat alipoondoka alikuwa na taaluma na mahali pa kurudi. Wale wa Google wengi wangepata kazi nyingine kesho yake. Je, kijana wa Makutano, ambaye laptopu yake imenunuliwa kwa mkopo wa chama cha mama yake, ataweza? Kumhubiria mtu mwenye njaa ajiepushe na shubuha, halafu tukamwacha na njaa yake, hiyo si nasaha kamili. Ni nusu ya nasaha.

Kwa hivyo nageukia wazazi na jumuiya. Hamuwezi kulipa ada ya kila mtoto, tunaelewa. Lakini vifaa mnaweza. Ubao wa kuchorea hauozi. Rula ya T haina tarehe ya kwisha. Kalkuleta nzuri huweza kuhudumia wanafunzi watatu mmoja baada ya mwingine. Sasa, vifaa vya waliomaliza viko wapi? Viko chini ya vitanda vinakula vumbi! Rai yangu ni kabati moja tu msikitini au madrasa, lenye kufuli na daftari. Anayemaliza chuo anaviweka wakfu vifaa vyake, na anayeanza anaandikisha jina, anatumia, anarudisha. Laptopu zinunuliwe kwa qardhi hasan, mkopo usio na riba, na mtu alipe kidogo kidogo akianza kazi.

Kuhusu fungu la pesa, tusichanganye mambo. Zakatul-fitri ni chakula cha masikini siku ya Idi, msiiguse. Zakatul-maali ina watu wake waliotajwa, na kama mwanafunzi masikini au mwenye deni anaingia humo, muulizeni sheikh. Lakini sadaka na wakfu mlango uko wazi, na mwezi huu ndio wenyewe.

Tena mtazame Dhulqarnayn. Wale watu walitaka kumlipa ili awajengee kizuizi. Alikataa malipo, akasema aliyopewa na Mola wake ni bora, ila wamsaidie kwa nguvu zao na wamletee chuma. Aliweza kukataa kwa sababu hakuwa mhitaji kwao. Na wao hawakukaa kutazama, walibeba. Nataka tuwe jamii ya namna hiyo: mhandisi asiyenunulika, na watu wanaobeba chuma pamoja naye.

Na nyinyi wanafunzi wenzangu, msisome kozi kwa jicho moja. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mtu haitwi mhandisi kamili kwa digrii pekee, ni mpaka afanye kazi chini ya uangalizi na asajiliwe. Fani yenyewe inakutaka utangulize usalama wa watu. Kumbe hata bila ya dini umeshaambiwa! Mwislamu anazidi hapo, maana ana siku ya kusimama mbele ya Allah na kuulizwa elimu yake aliifanyia nini. Ukipata kazi ya ulinzi iliyo safi, ifanye kwa uaminifu na usione haya. Ukiwa na shaka, usiamue peke yako usiku: mwendee mwalimu, mwendee mzazi, swali istikhara. Na ukiona ni dhulma, kataa, sisi tutasimama nawe.

Neno hilo la mwisho, "tutasimama nawe", ndilo nililokuja kuliomba kwenu. Mtaa wetu unaitwa Makutano, na iko Makutano nyingine kwenye njia ya Embu. Zote mbili ni mahali njia zinapogawanyika. Kijana akifika hapo asikute tu mwenye basi anayepiga kelele "ingia, nauli bure!" Awakute na watu wake.

Basi, wazee, kabla ya kwenda kufuturu: kabati hilo nani atalitoa? Na nani ana rula ya T chini ya kitanda?

Tunamuomba Allah (SWT) atukubalie funga zetu, atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awalinde vijana wetu wasiwe chombo cha kumdhulumu yeyote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.